Re: Bastola ya Smith & Wesson ya risasi tano, ni Model 36 ya nikeli au Model 60?

Mkuu, kwanza hakikisha haina risasi. Fungua silinda, usome kwenye fremu pale mkono wa silinda (kipande kinachoishikilia silinda inapofunguka) unapolala. Namba ya modeli ilianza kugongwa hapo 1957. Isipokuwepo, yaelekea ni Chiefs Special (jina la Model 36 kabla ya namba) ya awali, zile zilizoanza kutoka 1950.

Mng'ao usikudanganye. Nikeli, ambayo hupakwa tu juu ya chuma, ina umanjano kwa mbali, na ikichoka hubanduka, hasa mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda. Model 60, iliyotoka 1965, ni chuma kisichoshika kutu mpaka ndani, haina cha kubanduka. Sumaku haitakusaidia kuzitenganisha hizo mbili, maana hunasa zote. Ikikataa kunasa kwenye fremu, basi una Airweight, ile nyepesi yenye fremu ya alumini. Za mwanzo kabisa hata silinda ilikuwa alumini; hizo mimi nisingezifyatua kamwe.

Kitufe bapa cha kufungulia silinda ni cha kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Tundu la ufunguo juu ya kitufe? Hiyo ni ya karne hii. Vishikio vya mbao usivitegemee, watu hubadilisha kila leo.

Tupia picha ya hapo kwenye mkono wa silinda, ila ficha namba ya usajili.