Maswali na majibu: vigeu vya Forth

Shikamoo mwalimu. Nimeandika VARIABLE madafu, nikaweka 12. Nikiandika madafu . inatoka namba ndefu nisiyoijua. Nimekosea wapi?

Marahaba. Katika Forth, lugha ya programu aliyoibuni Charles Moore, jina la kigeu halikupi kilichomo ndani. Linakuwekea anwani, yaani namba ya mahali pake kwenye kumbukumbu, juu ya rundo (stack: namba zilizopangwa moja juu ya nyingine zikisubiri kutumiwa), na hiyo ndiyo namba ndefu uliyoiona. Kuchota kilichomo ni kazi ya @, kwa hiyo andika madafu @ . na 12 yako itatoka. Wakikuletea mengine matatu, andika 3 madafu +! basi. Andika .S baada ya kila neno, yaani kila amri ya Forth, ulione rundo lilivyo. Usione uvivu, hakuna njia bora ya kujifunza.

Nikiandika madafu 12 ! programu inakatika. Kwa nini?

Umegeuza mpangilio. Alama ya ! huchukua anwani iliyo juu kabisa ya rundo, na thamani iliyo chini yake. Wewe umeagiza anwani ya madafu iandikwe kwenye anwani namba 12! Kwenye kompyuta ya mezani mfumo hukukatalia papo hapo. Kwenye chipu ndogo isiyo na ulinzi wa kumbukumbu, unaweza kuharibu kitu kimyakimya ukaja kukesha ukikitafuta. Sahihi ni 12 madafu !

Naweza kutumia jina lolote?

Karibu lolote, mradi lisiwe na nafasi katikati. Ila sisi Waswahili tuna mtego wetu: baba na dada ni namba halali ukishaandika HEX, yaani ukihamia namba za msingi wa 16, maana herufi A hadi F huwa tarakimu. DADA ni 56026. Forth hutafuta kwanza kwenye kamusi yake ya maneno, kisha ndipo hujaribu namba. Ukiwa na kigeu dada, ukitaka namba utaletewa anwani. Namba za aina hiyo zianze na sifuri, 0DADA, na mgongano unaisha. Pia fuata desturi: neno linaloanza na nukta huchapisha, kama .bei. Na kigeu usikiite base, kwani BASE tayari ni kigeu cha Forth chenyewe, kinachoshika msingi wa namba.

Nimechoka na @ kila mahali. Hakuna njia nyingine?

Ipo, VALUE. Andika 500 VALUE nauli, kisha nauli . itakupa 500 moja kwa moja. Ikipanda: 600 TO nauli. Mimi huitumia kwa kitu kinachosomwa mara nyingi na kubadilishwa mara chache.