Maswali ya Wasomaji: Kolombia, uanze na kitabu gani?

Nimemaliza kutazama tamthilia ya Pablo Escobar, yule mlanguzi wa kokeni, sasa nataka kuijua Kolombia yenyewe: historia, siasa na maisha ya watu wake. Nasoma Kiingereza, Kihispania sikijui. Pesa yangu inatosha vitabu vitatu tu. Ninunue vitabu gani, na nianze na kipi? — Msomaji, Morogoro

Escobar mweke kando kwanza. Ukianza naye utaamini kwamba kokeni ndiyo iliyozaa vita vya Kolombia, kumbe ilivikuta, ikavitia fedha. FARC, kundi kubwa kuliko yote ya waasi wa msituni, liliundwa mwaka 1964, yeye akiwa mvulana wa miaka 14.

Cha kwanza nunua *The Making of Modern Colombia* cha David Bushnell, kilichotoka mwaka 1993. Ni historia ya nchi nzima katika juzuu moja, na lugha yake haichoshi. Wengi hukwama kwenye karne ya 19: marais wanapokezana, vita vya wenyewe kwa wenyewe haviishi, majina yanachanganya. Usikariri. Shika kalamu, pigia mstari mambo manne: Vita vya Siku Elfu vya 1899 hadi 1902 kati ya Waliberali na Wahafidhina, kujitenga kwa Panama mwaka 1903, kuuawa kwa Jorge Eliécer Gaitán, kiongozi wa Waliberali, jijini Bogotá tarehe 9 Aprili 1948, na mapatano ya 1958 hadi 1974, ambapo vyama hivyo viwili vilipokezana urais kila baada ya miaka minne na kugawana vyeo nusu kwa nusu. La nne ndilo linalofungua mengine yote. Mapatano yalipunguza umwagaji damu baina ya vyama, lakini yalimfungia mlango kila asiye Mliberali wala Mhafidhina, na ni katika miaka hiyohiyo makundi ya waasi ya FARC, ELN na M-19 yalipozaliwa. M-19 walijiita hivyo kwa uchaguzi wa 19 Aprili 1970, ambao wafuasi wa Jenerali Gustavo Rojas Pinilla, mtawala wa kijeshi wa zamani, walidai kuwa waliibiwa.

Cha pili ni *Oblivion* cha Héctor Abad Faciolince, kumbukumbu zake kuhusu baba yake. Hapa utakuta maisha ya nyumbani Medellín: watoto wa kike watano na wa kiume mmoja, masista, misa, na baba daktari anayepigania maji safi na chanjo kwa maskini. Daktari huyo, Héctor Abad Gómez, alipigwa risasi tarehe 25 Agosti 1987 mlangoni pa ofisi ya chama cha walimu, alikokwenda kumlilia kiongozi wa chama hicho aliyeuawa asubuhi ya siku hiyohiyo. Mfukoni mwake zilikutwa karatasi mbili: orodha ya watu waliotishiwa kuuawa, naye akiwemo, na shairi alilolinakili kwa mkono wake. Kama pesa yako ingetosha kitabu kimoja tu, ningekuambia ununue hiki.

Cha tatu, sasa Escobar anaruhusiwa kuingia: *News of a Kidnapping* cha Gabriel García Márquez. Si riwaya, ni kazi ya mwandishi wa habari. Mwaka 1990 watu wa Escobar waliwateka waandishi wa habari na jamaa za wakubwa ili serikali iache kuwapeleka walanguzi kushtakiwa Marekani. Diana Turbay, binti wa rais mstaafu, alikufa Januari 1991 polisi walipovamia alikofichwa. Escobar alijisalimisha tarehe 19 Juni 1991, siku ileile bunge la katiba lilipopiga kura ya kuzuia raia kupelekwa nje. Majina ni mengi mno, kwa hiyo andika ya mateka kwenye kipande cha karatasi na nani yuko nyumba ipi, la sivyo utapotea mapema.

Upungufu wa vitabu hivi vitatu ni mmoja: hakuna kinachofika mwaka 2016, makubaliano ya amani na FARC yalipokataliwa kwenye kura ya maoni ya 2 Oktoba kwa tofauti isiyofika asilimia moja, yakarekebishwa, yakasainiwa upya Novemba na kupitishwa na bunge. Ukipata pesa ya cha nne, *There Are No Dead Here* cha Maria McFarland Sánchez-Moreno, cha mwaka 2018, kinaeleza jinsi wanamgambo waliopigana na waasi walivyoshikana na wanasiasa.

Nimejaribu mara mbili kusoma *One Hundred Years of Solitude*, riwaya ya García Márquez, na mara zote nimeishia njiani. Pia, yale mauaji ya wafanyakazi wa mashamba ya ndizi yanayosimuliwa humo ni kweli au ni hadithi? — Msomaji, Nakuru

Kinachokushinda bila shaka ni majina. Tafuta toleo lenye mti wa ukoo mwanzoni, au uchore mwenyewe kadiri unavyosoma. Kitabu chenyewe kinakupa dalili: akina José Arcadio ni watu wa nguvu na pupa, akina Aureliano ni wakimya wa kujitenga. Wale mapacha tu ndio wanaovuruga kanuni hiyo, na mtunzi amefanya makusudi. Wana 17 wa Kanali Aureliano Buendía, wote Aureliano, usijisumbue kuwatofautisha. Ukiwa umeshasoma kuhusu Vita vya Siku Elfu, sura za Kanali zitakuwa nyepesi.

Mauaji ni kweli. Yalitokea Desemba 1928 mjini Ciénaga, wanajeshi walipowafyatulia risasi wafanyakazi waliogomea kampuni ya Kimarekani ya United Fruit. Jenerali aliyetoa amri, Carlos Cortés Vargas, alikubali vifo 47. Wengine walitaja mamia, hata zaidi ya elfu. Idadi ya riwaya, zaidi ya 3,000, ni ya kubuni: García Márquez mwenyewe alieleza baadaye kwamba alihitaji maiti za kujaza treni. Ukiandika insha ya chuo, usiitaje kama takwimu. Wapo waliofanya hivyo, tena kwa kujiamini.

Francia Márquez alipokuja Kenya mwaka 2023 akiwa makamu wa rais wa Kolombia ndipo nilipojua Kolombia ina watu weusi wengi. Nisome nini kuwahusu? — Msomaji, Mombasa

Kitabu kikubwa ni riwaya ya Manuel Zapata Olivella ya mwaka 1983, ambayo kwa Kiingereza inaitwa *Changó, the Biggest Badass*. Inaanzia Afrika, inapanda merikebu ya watumwa, inashuka Cartagena, inapita Haiti hadi Marekani ya Malcolm X. Ni ngumu. Mwanzo wake ni utenzi mrefu wenye miungu ya Kiyoruba. Ukikushinda, ruka hadi sehemu ya Cartagena kisha uurudie mwishoni. Hakuna dhambi. Unayetaka kitu chepesi cha jioni mbili, soma *The Bitch* cha Pilar Quintana, kuhusu Damaris, mwanamke mweusi wa pwani ya Pasifiki, na mbwa wake. Wepesi uko kwenye kurasa tu, yaliyomo yanauma.

Kwenye maktaba ya chuo chetu vitabu hivi sivioni, ingawa mkutubi anasema vipo. — Msomaji, Kigoma

Angalia herufi. Wakolombia hutumia majina mawili ya ukoo, la baba likitangulia. García Márquez hupangwa kwenye G, ila rafu nyingi humweka kwenye M. Abad Faciolince yuko A, mtafute na kwenye F. Juan Gabriel Vásquez, aliyeandika *The Sound of Things Falling*, yuko V, kwa sababu Gabriel ni jina lake yeye, si la ukoo. Na *Oblivion* usiitafute kwa jina la kitabu peke yake, maana vitabu vyenye jina hilo ni vingi. Andika na Abad.