Vidonda huko chini: ni hepesi ama ni kitu ingine?

SWALI: Musawo (daktari), habari ya kazi. Mimi ni mtu wa boda hapa Busia, miaka 29. Wiki mbili zimepita nilianza kusikia kuchoma huko chini kama sindano, nikadhani ni jasho maana nakaa kwa pikipiki kutwa, kesho yake nikaona vidonda vitatu vidogo vimekaribiana, nikikojoa vinauma, alafu baada ya siku kama kumi vikakauka vyenyewe. Wa duka la dawa aliniambia ni kisipi akaniuzia krimu, rafiki yangu anasema hiyo ni hepesi. HIV nimepima sina. Bibi yangu ana mimba ya miezi saba, sijamwambia, usingizi sipati. Je, ni hepesi? Na nani kamletea mwenzake?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Naanza na bibi yako kwa sababu yeye na mtoto hawawezi kungoja. Kama hii ni hepesi, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na kirusi, na yeye hajawahi kuwa nayo, akiipata miezi hii ya mwisho mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa, na kwa kichanga inaweza kuua. Kwa hiyo msilale pamoja mpaka ajifungue, kwa mdomo pia hapana, na siku ya kliniki mwende wote wawili mumwambie mkunga bila kuficha. Kama anayo ya zamani hatari ni ndogo zaidi, lakini mkunga lazima ajue.

Sasa wewe. Ulivyoeleza inafanana sana na hepesi, sikufichi, ila vidonda vimeshakauka na kwa macho tu hata daktari hukosea. Kisipi sidhani, hicho kinatoka kwa kirusi cha tetekuwanga na hupita upande mmoja wa mwili kama mshipi. Mimi kaswende ndiyo inanitia wasiwasi! Kidonda chake mara nyingi ni kimoja na hakiumi, lakini si kila mara, nacho hupona chenyewe huku ugonjwa ukiendelea ndani kwa damu, na unaua mimba. Pimweni wote wawili wiki hii, ni tone la damu la kidoleni, na dawa ipo, sindano ya penisilini. HIV nayo urudie baada ya miezi mitatu.

Kwa hepesi yenyewe kipimo kizuri ni kupangusa kidonda kikiwa bado kibichi. Cha damu usikikimbilie, kinaweza kuchukua wiki 12 kuonyesha, na utafiti uliofanyika hapa Uganda ulikuta baadhi ya vipimo hivyo vinasema unayo na kumbe huna. Vidonda vikirudi usipake kitu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, dawa ya hepesi inayoitwa asaikilova haiondoi kirusi lakini ukiianza mapema inapunguza maumivu na siku za vidonda. Krimu iache, tyubu beba daktari aisome.

Nani kamletea nani? Vidonda haviwezi kukuambia. Kirusi hiki hulala kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, wengi wanacho na hawajui, Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2024 kwamba duniani ni zaidi ya mtu 1 kwa kila 5 wa miaka 15 hadi 49. Kwa hiyo usiende nyumbani na kesi. Mwambie leo jioni hivi tu: nilitokwa na vidonda, sijui ni nini, naogopa kwa ajili yako na mtoto, kesho twende tupimwe.