Poni Anayegeuka Anapoongozwa kwa Kamba Ndefu

SWALI: Nina poni (farasi wa aina ndogo) jike mwenye umri wa miaka mitatu, mpole, ambaye huongozwa kwa kamba bila taabu yoyote nikiwa ubavuni mwake. Kabla hajaanza kupandwa, ningependa ajifunze kutembea mbele yangu nami nimwongoze kutoka nyuma kwa kamba mbili ndefu. Tatizo ni kwamba kila ninapohamia nyuma yake anageuka kunikabili, kamba zinamzonga, na tunalazimika kuanza upya. Je, huu ni ukaidi, na nitauondoaje?

JIBU: Huo si ukaidi, na nakuomba usimwadhibu kwa ajili yake. Poni wako anafanya kile alichozoezwa tangu alipokuwa mtoto, yaani kumtazama binadamu na kumfuata. Isitoshe, macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote isipokuwa mahali padogo mbele ya pua yake na mahali pengine padogo nyuma ya mkia. Unapohamia nyuma yake moja kwa moja, unatoweka machoni pake huku kamba zikiendelea kumgusa mbavuni, na mnyama ambaye kwa asili huwindwa hawezi kuivumilia hali hiyo bila kugeuka ili ahakikishe kuna nini.

Kwa sababu hiyo, sauti yako ndiyo inayopaswa kushika nafasi ya mwili wako kabla hujaondoka ubavuni. Ukiwa bado begani mwake, mfundishe maneno matatu, kwa mfano “twende”, “simama” na “rudi”, na kila neno ulitamke kwa namna ile ile siku zote. Asipoweza kusimama kwa neno tupu, bila kamba kukazwa, hajawa tayari kwa hatua inayofuata, hata kama wewe unaona umekwisha kuchelewa.

Baada ya hapo, mzoeshe kamba yenyewe. Mpanguse nayo taratibu mgongoni, kiunoni na kwenye miguu ya nyuma hadi juu ya kwato, na uendelee mpaka misuli yake ilegee badala ya kukakamaa. Mvishe mkanda wa tumboni wenye pete, kisha upitishe kamba katika pete za chini ili zilale ubavuni na zisipande mgongoni anapogeuka. Kamba zenye urefu wa mita 7 hadi 9 zinatosha. Kwa mwanzo zifunge kwenye hatamu ya kuongozea isiyo na lijamu, yaani chuma cha kinywani, kwa sababu lijamu hukaa katika pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego, ambako ngozi ni nyembamba juu ya mfupa, na uzito wa kamba ndefu peke yake, hata kabla hujaivuta, huhisiwa hapo. Vaa glavu, na kamba inayobaki uikunje mkononi kwa mikunjo mirefu. Usiizungushe kamwe kwenye kiganja, kwa kuwa farasi akikurupuka itakaza na kukuburuta.

Mpate msaidizi atakayetembea kichwani mwa poni akiwa ameshika kamba iliyolegea. Wewe anza begani, kisha siku zinavyokwenda rudi nyuma kidogo kidogo, kwanza usawa wa mkanda na baadaye usawa wa nyonga, ukikaa pembeni kiasi ili jicho lake moja likuone. Ama uwe karibu kabisa na nyonga yake, ama uwe nje ya kufikiwa na kwato, takriban mita 3, kwa maana katikati ya hapo ndipo teke hutua kwa nguvu zake zote. Msaidizi asogee mbali pale tu poni anapoacha kumtegemea.

Unapotaka kugeuka kulia, funga vidole vya mkono wa kulia na wakati huo huo upeleke mkono wa kushoto mbele, kwa sababu kamba ya kushoto isipoachiwa, poni hupokea amri mbili zinazopingana. Mara pua inapoelekea kulia, legeza, hata kama bado hajapiga hatua, kwa maana kule kulegezwa ndiko kunakomfundisha. Yatazame masikio pia: sikio linalorudi nyuma na kutulia linakusikiliza, lakini masikio yaliyolazwa pamoja na mkia uliobanwa huonyesha hofu, na hapo inafaa usimame.

Akigeuka kukukabili, usivute kamba zote mbili. Zilegeze, msaidizi amnyooshe, nawe urudi begani. Vipindi viwe vifupi, dakika 15 au 20, katika uwanja uliozungushiwa uzio.

SWALI: Nifanye nini kamba ikiingia chini ya mkia wake?

JIBU: Usiivute hata kidogo. Farasi hubana mkia mara moja, na kadiri kamba inavyovutwa ndivyo anavyozidi kubana na kukimbia. Ilegeze kabisa, mwambie “simama”, na msaidizi amtulize kichwani. Mkaribie kupitia ubavuni huku ukizungumza, weka mkono kiunoni mwake, ungoje mpaka misuli ilegee, kisha uinue mkia na kuitoa kamba kwa upande.