Maswali ya Wasomaji: Njia ya Mzunguko kwa Pikipiki

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipanga kuuzunguka Mlima Kenya kwa pikipiki, nikianzia na kumalizia Nanyuki, lakini kifaa changu cha kuongozea njia kilitangaza kuwa nimeshafika kabla sijaondoka. Nilikosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kifaa hutafuta njia ya haraka kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa kuwa vyote viwili ni Nanyuki, hakioni sababu ya kukupeleka Meru, Chuka, Embu na Karatina usipokiamuru. Weka pointi za kupitia katika miji hiyo, kisha ongeza nyingine palipo na barabara zinazoshindana, hasa kati ya Embu na Karatina. Ikuze ramani uhakikishe kila pointi imekaa juu ya barabara yenyewe, kwa maana ikiangukia uchochoroni kifaa kitakuingiza huko na kukutaka ugeuze. Mwisho uuweke kilomita moja hivi kabla ya mahali pa kuanzia. Zima pia upangaji upya wa njia unaojiendesha wenyewe. Huu ndio unaowapotosha wengi, kwani ukichepuka kutafuta mafuta, kifaa kinaweza kuziruka pointi zilizosalia na kukurudisha Nanyuki moja kwa moja.