Shangazi, mume wangu hataki shelfu nyeupe

*Shikamoo shangazi. Mume wangu ametengeneza shelfu ya vitabu kwa mikono yake, wiki tatu nzima, kila jioni akitoka kazini. Sebule yetu ina dirisha moja dogo, kwa hiyo nataka tuipake rangi nyeupe ili pawe na nuru. Yeye anasema nyeupe ni kazi ya kufutafuta kila siku, tena tuna watoto wawili wadogo. Leo siku ya nne tumenuniana. Nani yuko sahihi?*

Marahaba, mwanangu.

Kwa habari ya nuru, umesema kweli. Nyeupe huurudisha mwanga chumbani, na shelfu nyeupe iliyoegemea ukuta mweupe karibu isionekane, hata sebule ndogo ikapata nafasi ya kupumua. Ila weupe nao una aina zake. Kuna unaoelekea krimu na unaoelekea buluu, na ukiziweka aina hizo mbili pamoja, moja itaonekana chafu hata kama umeipaka jana. Paka kipande cha ubao, kiegemeze ukutani, ukitazame mchana na usiku. Balbu ya mwanga wa manjano itakubadilishia rangi uliyoipenda dukani.

Kuhusu kufuta, mumeo ana haki nusu. Vumbi analoliogopa huonekana zaidi kwenye shelfu nyeusi. Kinachoiumbua nyeupe ni vidole vya watoto na mikwaruzo ya vigari vyao. Tena rangi ya mafuta hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda, hasa mahali pasipopata mwanga, na wewe umeniambia dirisha ni moja. Mkiamua kupaka nyeupe, tumia rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, ndiyo inayovumilia kitambaa chenye maji. Na mbao zikiwa za msonobari, vifundo vyake visipozibwa kwa prima, ile rangi ya kwanza ya chini, ya kuzuia madoa, utomvu utapenya na kukuachia mabaka ya kahawia juu ya weupe wako.

Mimi yangu niliipaka vizuri, kasoro subira. Siku ya pili niliigusa, kavu, nikapanga vitabu. Miezi baadaye nikavuta kamusi, jalada likabaki kwenye ubao! Rangi inaweza kukauka juu kwa saa chache na bado ikahitaji wiki tatu au nne kukomaa.

Sasa turudi kwenye barua yako. Wiki tatu za jasho la mumeo umezipa sentensi moja, kisha mara moja ukahamia kwenye rangi. Je, ulimwambia imependeza kabla ya kumwambia ipakwe? Mtu aliyepiga msasa mpaka mistari ya mbao ikajitokeza, akisikia "tuifunike", hakosi sababu ya kupinga, na kufutafuta ndiyo sababu iliyokuwa karibu. Simjui mumeo, huenda nakosea. Lakini siku nne za kununiana kwa ajili ya kitambaa cha vumbi ni nyingi mno.

Isitoshe, rangi haina kurudi nyuma kwa urahisi. Ikishaingia kwenye vinyweleo vya mbao, kuitoa ni msasa mwingine, na sidhani atakuwa na hamu ya wiki tatu nyingine. Vanishi leo unaweza kuipaka rangi mwakani ukiipiga msasa kwanza. Kinyume chake ndiyo shida.

Kwa hiyo pakeni nyeupe ubao wa nyuma peke yake, au ukuta wenyewe kama shelfu haina mgongo. Rafu na nguzo zibaki na vanishi. Nuru itatokea nyuma ya vitabu, na huko vidole vya watoto havifiki mara kwa mara. Baada ya miezi michache, kama chumba bado ni kiza, mtazungumza tena.

Na kile kipande cha ubao cha kujaribia, mwombe akukatie yeye.