Mpini na shaba bila mwanya: maswali yenu

Barua nyingi safari hii zinahusu mahali pamoja: pale mpini wa kisu unapokutana na kikingio, kile kipande cha shaba ya njano kinachozuia vidole visiteleze hadi kwenye makali.

Shikamoo fundi. Nikibana mpini wa mninga kwenye kikingio, upande mmoja unakaa, upande wa pili napaona mwanga. Nikikaza, mwanya unahamia kwingine. (Morogoro)

Marahaba. Acha kukaza. Kwanza kagua tundu la msuka, ile ncha ya chuma ya kisu inayoingia ndani ya mpini. Msuka ukigusa ukuta wa tundu, mpini utainama hata uusugue mwezi mzima. Panua tundu kwa tupa nyembamba mpaka mpini ucheze kidogo. Nafasi hiyo ya ndani itajazwa na gundi na hakuna atakayeiona.

Kisha tandika msasa namba 220 juu ya kioo kinene na usugue nyuso zote mbili, ya shaba na ya mbao. Mpini ushike chini kabisa, karibu na msasa, la sivyo mkono utayumba na kingo zitaliwa. Paka shaba rangi ya midomo kidogo, gusisha mpini, utoe. Palipochukua rangi ndipo palipoinuka, punguza hapo tu, urudie. Mimi humalizia kwa kuchimba kidogo sana katikati ya uso wa mpini, kuzunguka tundu, ili zibaki kingo tu zinazogusa. Rangi yote ifutwe kwa spiriti kabla ya gundi, maana ina mafuta.

Nikimaliza kupiga msasa, ukucha unakwama kwenye kiungo: mbao imeshuka chini ya shaba. (Nakuru)

Bila shaka msasa unaushika kwa vidole. Mbao huliwa upesi kuliko shaba, na kidole ni laini, kwa hiyo msasa unazama kwenye mbao. Ubandike kwenye kibao kigumu, upitishe juu ya vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Na usiwe bahili: msasa uliochakaa bado unakula mbao lakini shaba unaing'arisha tu, hapo tofauti inazidi. Mashine ya kung'arisha yenye gurudumu la kitambaa ni mbaya zaidi.

Wenye subira hutoboa matundu mawili ya milimita 2 kwenye kikingio na mpini, wakatia vipande vya msumari ili viwili hivyo virudi palepale kila mara. Umbo hutolewa vikiwa pamoja, bila gundi.

Vumbi la shaba linachafua mbao yangu nyeupe. (Tanga)

Ndiyo faida nyingine ya hizo pini: ukishapata umbo, unavitenganisha na kung'arisha kila kimoja peke yake. Vumbi lipulize, usilifute kwa kitambaa chenye maji.

Kisu nilichokitengeneza Dar kilikuwa sare kabisa. Mteja wa Dodoma anasema sasa shaba imechomoza. (Dar es Salaam)

Shaba iko palepale, mbao ndiyo iliyosinyaa. Inapokauka hupungua upana, urefu karibu haubadiliki, na hewa ya Dodoma ni kavu kuliko ya pwani. Wauzaji wote husema mbao yao imekauka. Wewe iweke ndani, uipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki mpaka uzito uache kushuka. Mpingo ndio unaochelewa zaidi. Ukiwa na shaka, ondoa kidogo ukali wa kingo zote mbili za kiungo ili ubaki mfereji mwembamba wa makusudi. Mbao ikisinyaa baadaye, jicho halitagundua.

Nizibe mwanya kwa gundi ya epoksi na unga wa mbao? (Mwanza)

Hapana. Utabaki mstari mweusi unaoonekana kuliko mwanya wenyewe. Kama umeshagundisha, pasha kikingio joto polepole: epoksi nyingi za kawaida hulegea kabla maji hayajachemka, nawe utauchomoa mpini na kuanza upya na tundu. Ndiyo maana pia shaba ikianza kuchoma vidole kwenye mashine ya kusaga, zima mashine.